Daftari la Vipimo

Kifua thelathini na mbili, kiuno ishirini na tatu,
mguu wa kushoto umezidi wa kulia kidogo.
Hivyo ndivyo nilivyomwandika Mwantumu Kinyogoli
siku ya kwanza, kwa kalamu ya risasi, ukurasa wa nne,
tulipokuwa kikundi cha sanaa cha kiwanda cha magunia:
mchana tunashona gunia, jioni tunashona malkia.

Ukumbini Ilala hapakuwa na pazia.
Niliunga shuka saba, nikazichovya kwenye majani ya chai.
Akatoka nyuma yake akiimba ugomvi wa mume na mke,
mume akitokea puani, mke akitokea tumboni,
watu wakasahau kwamba yuko peke yake.
"Fundi," aliniambia, "nishonee mfuko wa siri
hapa, chini ya kwapa. Noti za kutunzwa zinaanguka,
na wapiga ngoma wana macho miguuni."
Nikashona.

Kiuno ishirini na sita: Tabora, Mwanza, juu ya lori la chumvi.
Kiuno thelathini: Semeni kazaliwa, analala kwenye kasha la tarumbeta.
Kiuno ishirini na nne: mwaka ambao hatukulipwa.

Kisha zikaja filamu.
Mwongozaji, kijana wa Sinza, kofia kaigeuza nyuma,
alisema, "Mama, punguza. Kamera ina masikio."
Sauti iliyozoea kumfikia muuza karanga nje ya geti
akajifunza kuibana kooni
kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.
Walimpiga kuanzia kifuani kwenda juu. Chini alivaa kandambili.
Sikuandika tena urefu wa sketi.

Sura yake ikatandazwa Kariakoo juu ya turubai,
kati ya soksi na betri. Akawa mama mkwe wa nchi nzima.
Tandika, muuza nyanya alimnyima nyanya:
"Kwa ulivyomfanyia yule binti? Nenda!"
Alikuja kwangu na kikapu kitupu, anacheka,
kisha hachеki.

Lakini mimi nakumbuka kibanda cha video, Buguruni,
tumekaa nyuma, kajitanda kanga asijulikane.
Ukafika wimbo, mmoja tu waliomwachia,
na bibi mmoja akainuka, akacheza taratibu hadi mbele,
akafungua pindo, akatoa noti ya mia tano,
akaibandika kwenye kipaji cha uso cha runinga.
Ikateleza. Akaiokota, akaibandika tena. Ikateleza.
Mwantumu alinishika goti
na hakusema neno mpaka tulipofika Malapa.

Jana kaja. Kiuno arobaini na moja.
Nimeandika thelathini na tisa; kaona, kanyamaza.
Vijana wa chuo wana mchezo wa jukwaani,
wanamtaka bibi anayeweza kuimba bila kipaza sauti.
"Usishone jipya. Fumua lile la kijani."
Nikafumua. Kwapani kidole kikagusa karatasi:
noti ya shilingi ishirini, laini kama ngozi ya kitunguu,
ambayo benki ilishaisahau.
"Nani huyu alinitunza?"
Tukataja watu kumi. Sita tuliwazika.

Nikataka kuuziba mfuko, nguo ipate upana.
"Uache," kasema, kanyanyua mkono nipime.
"Na uongeze kidogo, Fundi.
Watu wanaweza kuinuka."