Robo ya Mzunguko

Meza ya Kanyere ilikuwa na miguu minne,
na sakafu ilikuwa na ugomvi na kila mmoja kivyake.
Nyumba za Majengo tumezijenga juu ya moto uliolala,
mawe meusi yenye matundu kama mkate uliochacha;
saruji, hata ukiimwaga kwa ukarimu,
hutabasamu juu, chini ikaweka kinyongo.

Aliniita mara ya kwanza kwa ajili ya mchuzi.
"Fundi, sambaza zangu zinakimbilia Sake."
Akanionyesha: bakuli limetulia, mchuzi umesafiri,
mteja kainua viwiko kama kuku aliyelowa.
Chini ya mguu mmoja palikunjwa stakabadhi za karo,
kizibo cha bia,
na kipande cha kandambili ya mtu aliyekwisha kuhama.

Nikafanya nilivyofunzwa na marehemu Katembo: nikakata.
Nikakata mguu mrefu, ukawa mfupi.
Nikakata jirani zake ili kuwapatanisha.
Mwezi wa tatu wateja walikula
magoti yakiwa karibu na masikio.
Kanyere hakugomba. Aliuliza tu,
"Utakata mpaka tule chini?"

Swali hilo nililala nalo.
Husemwa asiyejua kucheza hulaumu uwanja.
Sawa. Lakini huku kwetu uwanja nao una makosa,
na usiku mwingine hucheza peke yake.

Birere, kwa muuza vyuma chakavu,
bolti nne za kumi, nati nane.
Tulibishana bei hadi mvua ikatuamua.
Nikaipindua meza miguu juu,
kama mbuzi anayekaguliwa kwato.
Keekee katikati ya kila wayo, polepole,
maana mkaratusi ukiuharakisha hupasuka kwa hasira,
shimo refu kuliko bolti,
bolti iwe na pa kurudi.
Kwa patasi nikachonga kitanda cha pembe sita,
nati nikaigongea humo, ikalala;
juu yake bati la kopo la mafuta, lenye tundu,
na skrubu mbili,
isije ikakumbuka njia ya kutokea.
Bolti ikaingia, kichwa chini.
Kichwa nikakivika kiatu: duara la tairi la pikipiki.
Na nati ya pili shingoni, ya kubana,
kwa kuwa mlima hutikisa
na kinachotikiswa hujifungua.

Pima maji yangu iliibwa siku nyingi.
Tukalaza mezani chupa yenye maji, kasoro hewa kidogo.
Kanyere akatazama kiputo;
mimi mvunguni na spana ya kumi na saba.
"Kulia."
"Kulia kwako au kwangu?"
"Kulia kwa mchuzi, wewe!"
Mzunguko mmoja. Nusu. Robo.
Kiputo kikasita, kikarudi nyuma,
kikakaa katikati
kama mtoto aliyepata nafasi kitandani.

Akaweka mkono mezani, akaegemea kwa uzito wake wote,
na Kanyere ni mzito.
Meza haikusema kitu.
Bolti zilikuwa zimemrudishia vidole viwili vya kimo
kati ya vitatu nilivyomwibia kwa msumeno.
Cha tatu ninadaiwa mpaka leo.
Hela ya kukata nikairudisha.
Ya bolti alinilipa kwa maharagwe, juma zima.

Tangu hapo amehama mara mbili,
Ndosho, kisha Kyeshero,
meza kichwani mwa chukudu, miguu ikipunga njiani.
Kila nyumba ina sakafu yake na ubishi wake.
Spana anaitundika kwenye msumari, kando ya mwiko.
Haniiti tena.

Ila jana, baada ya tetemeko la usiku,
lile lililoamsha mbwa na kuangusha sahani kwa jirani,
simu yangu ililia alfajiri, ujumbe mfupi:
"Fundi, ardhi imebadili mawazo.
Nimezungusha robo.
Njoo ule."