Betri ya Saa

Nimeitwa Wete kwa simu tatu.
Ya kwanza: mtandao hakuna.
Ya pili: kirusi.
Ya tatu kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa wa jirani:
"Mgeni, njoo. Mashine inakataa watoto."

Naingia na mkoba wangu, bisibisi mbili,
brashi ya rangi isiyowahi kuonja rangi.
Naanza na swali nililozoea:
"Kabla haijaanza, ulifanya nini?"
Na jibu ni lile la Chake, la Konde, la Mkoani,
la kila ofisi niliyoinama chini ya meza yake:
"Sikugusa kitu."
Hapana aliyewahi kugusa kitu kisiwani humu.
Vitu vyetu hujiharibikia.

Bwana Shaame, karani wa uzazi na vifo,
miaka ishirini na sita juu ya kiti kimoja,
kasema amechomoa, kachomeka, kazima, kawasha.
"Umesoma ilichoandika?"
"Nimeisomea."
"Nimeuliza umesoma."

Kwenye benchi, Time Hamad wa Gando,
mtoto wa siku kumi na tisa kifuani.
Safari ya tatu hii, nauli ya tatu,
kadi ya kliniki imelainika kwa jasho la kiganja.
Kila mara skrini humjibu:
Tarehe ya kuzaliwa si sahihi.
Mtoto akapiga chafya.
Si sahihi.

Ubovu husakwa kwa kuondoa.
Waya wa mtandao: meno yake yameota kijani cha chumvi.
Nikayasugua. Siyo.
Soketi: sisimizi wamehamia na mayai yao.
Nikawatoa. Sio wao.
Kirusi: hamna, na Shaame karibu anune,
alikwishamwapia mkubwa wake kuwa ni kirusi.
Nikapiga simu Unguja.
Unguja ikasema tatizo liko Pemba.
Unguja husema hivyo.

Saa saba umeme ukakatika, ukarudi.
Mashine ikaamka na mlio wake,
nami kwa mara ya kwanza nikatazama pembeni, chini, kulia,
pale jicho lisipokwenda kwa kudhani linapajua:
Mosi Januari, elfu mbili na kumi.

Kumbe.
Kila umeme ukizimika inasahau miaka yote,
inaamkia asubuhi ile ile,
na asubuhi hiyo Time yuko darasa la tatu,
anachonga penseli.
Nani atamwandikia cheti mwanawe?
Haikosei, maskini.
Inahesabu vizuri, kutoka mahali pabaya.

Nikafungua ubavu wake. Vumbi,
mjusi mkavu kama risiti ya zamani,
na betri ya duara, mfano wa sarafu,
imekufa fofofo.
Bei yake haifiki nauli ya Gando kwenda na kurudi.

"Ngoja," akasema Shaame, mkono wangu ukiwa hewani.
Anaitazama ile tarehe.
"Mwaka huo Mize alikuwa meza ile, dirishani.
Akipiga taipu huku anatafuna ubani."
Kisha: "Cheti chake nilikiandika kwa mkono.
Siku ile pia mashine ilikuwa mbovu."

Ufundi wangu hauna swali la hapo.
Pangaboi lilizunguka. Mtoto ananyonya.
"Haya," akasema. "Tia."

Betri ikakaa, tik.
Nikaandika mwaka, mwezi, siku, saa, dakika,
Shaame akinitajia kutoka simu yake,
polepole, kama anayehesabu fedha za amana.
Time akaitwa. Jina? Khatibu.
Baba? Akataja.
Tarehe? Akataja, na skrini ikanyamaza,
ikakubali, ikamzaa mtoto mara ya pili.

Printa ikavuta karatasi, ikakohoa,
ikaitafuna nusu, ikasimama.
Wote wakanigeukia mimi.

"Sikugusa kitu," nikasema.