Gari la Gocha

Gocha alinizungusha Rustavi mara moja,
mkono wake haukubanduka usukanini.
Nikadhani ni mapenzi, mtu na gari lake.

Leo Nestani kaliinua kwa jeki,
theluji yadondoka toka madigadini.
Kashika tairi juu na chini, katikisa: kimya.
Kashika kushoto na kulia:
ko.
"Tairodi," kasema, sigara mdomoni.

Tumebadilisha. Bado lavuta kushoto.
Kahamisha matairi ya mbele, la huku kule, la kule huku.
Sasa lavuta kulia.
Kacheka: "Ugonjwa umehama na mwenyewe."

Lari mia tatu nimezihesabu juu ya boneti.

Njiani kurudi Tbilisi naachia vidole, kidogo tu,
gari lanyooka lenyewe,
na mkono wangu haujui pa kukaa.