Maji Yanakwenda Wapi

Zima, nilikwambia, na mfuniko usiuguse,
rejeta ikishakasirika haipokei salamu.
Ukashuka, Bwana Mponzi, ukaanza kuhesabu:
madumu matatu kutoka Chalinze hadi hapa Vingunguti,
na chini ya lori pakavu.
Fundi wa kwanza kakuuzia wotapampu.
Wa pili kasema gasketi ya hedi, andaa laki nane,
nawe umeandaa, bahasha imetuna mfukoni mwa shati.
Irudishe, nikasema. Usiku huu lori lilale.

Nikatandika boksi la friji chini ya injini,
kama mama anayemtandikia kikojozi
ili kesho ajue ameamkaje.

Asubuhi boksi kavu.
Tone moja tu, jeusi, la oili. Hilo la uzee, tulisamehe.

Nikachomoa kijiti: oili nyeusi,
haina rangi ya chai ya maziwa.
Ukawasha. Moshi haukuwa mweupe.
Nikainama juu ya rejeta iliyo wazi nikitafuta mapovu,
maji yakanitazama, yametulia
kama uso wa mtu asiye na deni.
Basi gasketi nzima.
Laki nane zako zikapona, ingawa zenyewe hazikujua.

Nikaleta kifaa changu, usinicheke:
pampu ya baiskeli, geji ya tairi,
mfuniko wa zamani niliotoboa nikapachika valvu.
Nikajaza upepo. Mshale ukapanda,
ukasimama,
kisha ukaanza kushuka polepole
kama mtu anayetoka msibani bila kuaga.

Unatoka. Wapi?
Nikapitisha kiganja hosi ya juu, hosi ya chini,
kwenye klipu, kwenye kovu alilochomelea mtu wa Morogoro,
kwenye kitundu kile chini ya wotapampu
ambacho hulia siku nyingi kabla pampu haijafa.
Kiganja kikarudi na vumbi.

Na Hiza, tingo wako, amekaa ngazini
anakamua soksi.

Jana haikunyesha.
Juzi haikunyesha.

"Kijana, hiyo imelowaje?"
"Upande wangu huwa pana unyevu, fundi.
Tangu Ramadhani. Nilidhani jasho,
kisha nikadhani mvua, kisha nikazoea."
"Bosi ulimwambia?"
Akacheka kidogo.
"Tingo anaulizwa mzigo. Miguu haulizwi."

Nikang'oa mkeka. Harufu ikanipanda puani,
tamu, ya shira iliyoungua,
utamu ule ambao paka wa gereji aliulamba mwaka juzi
tukamzika nyuma ya mashine ya kuchomelea.
Kioo cha kushoto kilikuwa na utando wa mafuta,
nawe kila siku ulimwambia afute.

Nyuma ya dashibodi, gizani: hita.
Hita, Bwana Mponzi!
Kisanduku cha shaba walichofungiwa watu wa barafu,
kikapanda meli pamoja na lori,
kikakaa miaka ishirini na sita kikipokea maji ya moto
katika mji ambao Januari mtu hupepea shati lake akiwa kasimama.
Hakuna aliyekiwasha. Hakuna aliyekumbuka kipo.
Lakini kila dumu la maji ya kisima ulilomimina
lilifika mpaka kwake na chumvi yake,
likakaa naye, likamtafuna.

Nikakata hosi mbili, nikaziunganisha zenyewe kwa zenyewe
kwa kipande cha bomba na klipu mbili.
Elfu kumi na tano, na maji ya kisima basi tena.

Pampu ya baiskeli. Mshale ukapanda, ukasimama.
Nikausubiri. Haukushuka.

Wewe hukuutazama.
Ulikuwa unatazama miguu ya Hiza,
imepauka, vidole vina mikunjo,
kama ya mtu aliyetoka Chalinze akitembea ndani ya mto.
Ukakohoa. Ukatafuta funguo ambazo zilikuwa mkononi.
Ukamwambia, bila kumwangalia usoni:
kaanike soksi kwenye kioo changu,
upande wangu ndiko kuna jua.