Daftari la Zamu

Delyth wa posta hakunipa kifurushi
mpaka nimwonyeshe kitambulisho.
"Nina miaka sitini na miwili, Delyth.
Tulikaa dawati moja."
"Sheria ni sheria, Emrys," akasema,
macho yanacheka, mkono haucheki.

Ndani mna chupa, kila moja kama kidole gumba cha mtoto,
zimeviringishwa plastiki ya viputo
ambavyo mjukuu wangu Macsen alivipasua vyote
kabla sijaipata miwani.
Nilitaka kumi. Zimekuja kumi na moja.
Duka lilininong'oneza kwenye simu, usiku:
ongeza pauni tatu na nusu, usafirishaji bure.
Nikaongeza nisichokitaka
ili nisilipie nisichokiona.
"Bure ghali," akasema Nesta, bila kugeuka,
mikono yake ndani ya povu la vyombo.

Nikalitoa daftari la zamu.
Nililibeba kiwandani siku ya mwisho, chini ya koti,
na sikumwibia mtu: tanuru lilikwisha zimwa,
kurasa zilizosalia hazikuwa tena na joto la kuandikwa.
Safu zake zingalipo: saa, nyuzi, hali, sahihi.

Saa mbili asubuhi. Tikiti la Barafu.
Hali: kama kulamba kioo cha gari mwezi wa Januari.
Sahihi yangu.

Saa mbili na nusu. Kastadi ya Vanila.
Hapa nilinyamaza.
Ilikuwa kastadi ya kantini, ile ya Alhamisi,
yenye utando juu, ambayo Hefin aliila kwa uma
ili idumu.
Hefin sasa analinda maegesho ya magari Swansea
na simu yake inaita tu.
Nikaweka nyota tatu. Ya nne niliizuia, sijui kwa nini.

Embe la Bombei.
Mimi siwezi kuhukumu. Embe ninalolijua
ni la kopo, vipande vinaogelea kwenye shira.
Huenda na huyo kijana wa maabara aliyelichanganya
hajapata kulishika mkononi,
tumekubaliana tu, yeye na mimi,
kwamba njano ina ladha hii.

Machozi ya Joka: sabuni.
Tumbaku ya Babu: babu huyu alivuta nini, zulia?

Kufika chupa ya saba ulimi ulikufa ganzi,
cheri ikawa mnanaa, mnanaa ukawa shaba.
"Waonja mvinyo hutema," akasema Nesta,
"wewe unameza."
Akanisogezea mkate mkavu na maji.
Mwonja asali haonji mara moja, wanasema,
nami miaka arobaini na minne niliionja ile ya karatasi,
paketi kwa kila zamu,
hata Daktari Vaughan akaitundika picha ya kifua changu kwenye mwanga
na kuishika kalamu mahali pamoja, kimya,
muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Imebaki ya kumi na moja, ile ya kujazia kikapu.
Lebo yake: Isiyo na Ladha.
Nikatoka nayo uani.
Mabomba ya kiwanda yamesimama pale pale,
safi, kama vidole vya mtu asiye na kazi.
Nikavuta. Hakuna kitu. Joto kidogo, basi.
Nikapuliza, na wingu likapanda, nene, jeupe,
likavuka ukuta.

Upande wa pili, Bi Pugh
akaliona, akaacha kikombe chake,
akakimbilia shuka zake kwenye kamba,
kama alivyokimbia miaka yote upepo ulipogeuka
na vumbi jekundu kushuka juu ya nguo zetu.
Alikuwa amekwisha kung'oa vibanio viwili
ndipo akaniona mimi.
Hakucheka. Nami sikucheka.
Akavirudisha, kimoja, kisha cha pili.

Saa tisa alasiri. Isiyo na Ladha.
Nyuzi: hazikupimwa.
Hali: upepo wa baharini, unaelekea kwa Bi Pugh.
Agiza mbili.