Chaguo Lililofifia

Mchezo uliniuliza kwanza: Umetimiza miaka kumi na minane?
Nikacheka peke yangu dukani, hapa Arua,
mimi wa arobaini na sita, mwenye mjukuu anayeota meno.
Nikabonyeza Ndiyo.

Kompyuta ni ya Onzima, mwalimu wa hesabu.
Aliileta feni ikikoroma. Nimeisafisha, imenyamaza,
na ili nijue kama imepona kweli, sharti niitumikishe.
Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.
Umeme umekatika tangu magharibi. Betri, asilimia thelathini na nane.

Ndani ya kioo kuna mvua, na nyumba ya wageni kule Fort Portal,
na Kemigisa yuko mlangoni mwa chumba namba tano,
gauni limemganda mgongoni.
Aliyeyachora mabega yale aliwahi kumpenda mtu.
Chini, visanduku viwili:
Gonga.
Shuka ukanywe chai.

Niligonga. Nani asingegonga?
Tibenda akafungua, taa ikazimwa,
na mchezo, pamoja na vitisho vyake vyote vya umri,
ukanionyesha pazia, na viatu vinne sakafuni,
kimoja kimelala ubavu.
Kisha asubuhi. Kisha kituo cha basi. Kisha Mwisho.
Dakika kumi na moja!

Mkoba wangu ulitetemeka pale msumarini. Anguyo huyo,
lori lake limekwama forodhani, siku ya tatu.
Nitampigia.

Nikarudi nyuma. Nikanywa chai.
Nikasema uongo, nikasema nusu ya kweli,
nikamfanya Tibenda alie, nikamfanya aimbe bafuni.
Njia zote hupita jikoni, mbele ya sahani chafu,
anapouliza, "Una jambo?"
na vinatokea visanduku vitatu:
Hamna.
Nimechoka tu.
Na cha tatu, rangi ya majivu, hakibonyezeki:
Mwambie.

Nilikibonyeza hata hivyo,
kama mtu anayewasha swichi huku anajua umeme haupo.

Asilimia kumi na tisa.
Mimi fundi. Kitu kikikataa, natafuta waya ulipokatika.
Nikaanza upya, taratibu, nikisoma hata vibao vya ukutani,
na nikauona: mwanzoni kabisa, kabla ya mvua, kabla ya mlango,
simu inaita mkobani mwa Kemigisa
na hakuna kisanduku chochote.
Yakupasa uuguse mkoba mwenyewe, bila kuulizwa.
Mara zote nne nilipita mbio, nikiwahi chumba namba tano.

Nikaugusa. Alikuwa mama yake.
Hawakusema la maana. Bei ya matoke. Mguu unaouma. Umekula?
Lakini jikoni, safari hii, cha tatu kilikuwa cheupe pe.

Asilimia mbili.
Nikabonyeza. Kemigisa akaweka chini sahani,
akafuta mikono kwenye gauni, akafungua kinywa,

na kioo kikafa. Humo nikaona uso wangu,
na nyuma yake chaja zinazoning'inia kama mijusi.

Asubuhi Onzima alikuja. "Imepona?"
"Imepona. Betri tu ndiyo haikai."
Akahesabu elfu kumi na tano, noti moja imechanika pembeni.
Akafika mlangoni, akageuka. "Kuna jingine?"

Nilitaka kumwuliza yule mwanamke alisema nini.
Ulimi ulikwishainuka.

"Feni," nikasema. "Usiiweke juu ya kitanda. Inakosa pumzi."