Usizime Kompyuta Yako

Saa tatu usiku, Ijumaa, Chavakali.
Nimefika pale pa "ameacha wajukuu",
tunahesabu na Lugalia, yeye akikunja vidole,
kumi na tisa, la, ishirini, kuna aliyezaliwa juzi,
na kioo kinageuka samawati.

Hakikuniuliza.
Au kiliniuliza, tangu mwezi wa pili,
kadirisha kale pembeni: sasa, au baadaye?
Nami kila siku nikibonyeza baadaye
kama mpangaji anayemwahidi mwenye nyumba mwisho wa mwezi.
Leo baadaye imefika na mizigo yake.

*Inasasishwa. Asilimia nne. Usizime kompyuta yako.*

Lugalia anauliza, imekufa?
Namwambia haijafa, inajifunza.
Inajifunza nini usiku huu?

Mama yake amekwisha fika nyumbani, yuko chini ya turubai.
Jenereta ya kukodi inanguruma, naisikia hadi hapa.
Kesho saa nne watu mia tatu watataka karatasi
yenye picha yake, kitambaa cheupe kichwani,
na mwenye printa pale stendi anafungua saa kumi na moja,
hangoji mtu.

Asilimia kumi na saba.
Nachemsha chai, natia sukari, narudi: kumi na saba.
Nampigia Kefa, aliyesomea mambo haya Sigalagala.
"Shangazi, usiguse. Ukigusa utajikuta kwa Biosi."
Simjui Biosi. Jina lake tu linatosha kunitisha.

Thelathini. Bado thelathini.
Vitone vinafuatana kwa mduara
kama siafu waliopoteza njia.

Halafu stima inapepesa.
Mara moja tu.
Tunabana pumzi, sisi wawili na paka.
Betri ya mashine hii ilikufa mwaka juzi;
kilichobaki ni waya, na gundi ya karatasi juu ya waya,
na imani.
Stima inakaa.

Katika mwanga ule wa samawati Lugalia anaanza kusema.
Kwamba mama alitoroka, mwaka wa sabini na nane,
akaenda Kericho kuchuma chai miezi minne
bila kumuaga baba, akarudi na baiskeli.
"Hiyo usiandike," ananiambia.
Kimya. Sitini na mbili.
"Andika baiskeli tu."

Mia moja! Kisha sifuri:
*hatua ya pili kati ya tatu.*
Nikasema neno ambalo shairi hili halitalibeba.

Saa saba na robo inafunguka.
Inanisalimu kama hatujawahi kuonana, hujambo,
mimi niliyeifuta vumbi miaka sita.
Uko nchi gani? Unatumia lugha gani?
Nateremka orodha, nateremka,
naitafuta ile aliyoombea chakula mama Mmbone.
Haimo. Nachagua hii ninayokuandikia.
Tujue mahali ulipo? Hapana.
Tukuletee matangazo yanayokufaa? Hapana.
Saa zako za kazi ni zipi, ili tusikusumbue?
Najaza: alfajiri hadi alfajiri.
Inakataa, kwa wekundu,
na Lugalia anacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Kisha maandishi madogo, meupe:
*Faili zako zote ziko palepale ulipoziacha.*
Anayasoma kwa sauti.
Anayasoma tena, polepole, mdomo ukitetemeka,
nami najifanya natafuta miwani.

Vitu vimehamahama. Kitufe cha kuchapa kimejificha,
herufi zimekonda, saa imeruka upande wa pili.
Mashemeji wote wamefutika, tunawakumbuka upya,
mmoja mmoja, pamoja na yule wa Serem wasiyemtaja.
Lakini ukurasa upo. Umekatikia "wajukuu".

Naandika: ishirini.
Halafu napanda juu, aya ya tatu,
naisogeza ndoa kidogo, nasogeza ubatizo,
natafuta mahali pa kuegesha baiskeli.